Embe la kwanza la msimu

Kila mwaka, Oktoba ikielekea ukingoni, mkokoteni wa kwanza wa maembe hujitokeza kwenye vituo vya daladala vya Dar es Salaam. Maembe yamepangwa mafungu ya matatumatatu, manjano yake inang'aa utadhani imepakwa kwa brashi, na bei yake inakufanya upapase mfuko mara mbili. Mimi hununua, na kila mwaka najuta. Nje manjano, ndani manjano hafifu, karibu na kokwa peupe kama kiazi. Nikiliacha mezani siku tatu zaidi ili limalizie kuiva, linanywea, ngozi inajikunja, na utamu hauji.

Wiki ya tatu ya Desemba, kituo kilekile, muuzaji yuleyule, fungu limeongezewa embe la nne na bei imeshuka. Hilo ukiling'ata, maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko.

Sasa iweje cha ghali kiwe kibaya na cha rahisi kiwe kizuri? Jibu la mtaani ni moja tu: "Wameweka dawa." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limekuwa kama shuka linalofunika kila kitu, na chini yake kuna mambo manne au matano tofauti ambayo mlaji wa matunda akiyajua, hadanganyiki kirahisi.

Pevu na bivu

Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi. Tunda linaanza likiwa changa, linakuwa bichi, linapevuka, linaiva, halafu linaoza. Sisi wa mjini tumebaki na maneno mawili, bichi na bivu, tukaliacha lile la katikati kwa watu wa shamba. Na lile la katikati ndilo lenye siri yote.

Kupevuka ni kazi ya mti. Kwa muda wa miezi mitatu na nusu hadi mitano tangu ua lifunguke, majani hutengeneza sukari, mti huipeleka kwenye tunda, na embe huiweka akiba kwa sura ya wanga. Kokwa linakuwa gumu. "Mabega" ya embe, yaani ile sehemu inayozunguka kikonyo, yanajaa mpaka kikonyo kinaonekana kimezama katikati yake. Nyama iliyo jirani na kokwa inaanza kugeuka njano, ingawa ngozi ya nje bado ni kijani kibichi.

Kuiva ni kazi ya tunda lenyewe. Wanga unavunjwa kuwa sukari, ukali unapungua, nyama inalainika, harufu inatoka. Kazi hii embe linaweza kuifanya likiwa juu ya kabati jikoni kwako, mti ukiwa umebaki Mkuranga. Ile ya kwanza haliwezi. Siku kikonyo kilipokatwa, ghala lilifungwa, na kilichokuwamo ndicho utakachokula.

Kwa hiyo embe lililochumwa la kijani likiwa pevu, likakaa nyumbani siku nne hadi nane, huwa tamu kwelikweli. Embe lililochumwa changa unaweza kulipa rangi na kulilainisha kwa hila. Wanga ambao mti haukuuweka, hakuna hila ya kuuleta.

Rangi, kwa kweli, ni shahidi mbaya. Dodo huweza kuiva huku ngozi yake bado ina ukijani mwingi. Ule wekundu wa shavuni unaouona kwenye maembe kama Kent na Tommy Atkins huletwa na jua lililopiga upande huo, haukuambii chochote kuhusu utamu. Hiyo Tommy Atkins, iliyoanzia Florida, ndiyo ndugu zetu wa Ulaya na Marekani huikuta sana dukani, na lawama zao kwenye simu nazielewa: ni embe lililopendwa na wasafirishaji kwa sababu ngozi yake ngumu inastahimili safari. Mlaji hakuulizwa.

Mwembe unangoja kipupwe

Mtu anaweza kufikiri kwamba kwetu, karibu na ikweta, kusikokuwa na theluji, mti ungezaa tu mwaka mzima. Mgomba na mpapai hufanya hivyo, ndiyo maana ndizi na papai havikosekani gengeni. Mwembe una tabia nyingine. Unangoja ishara, na ishara yenyewe ni ukavu na ubaridi wa usiku.

Pwani yetu ishara hiyo ina jina: kipupwe. Ni Juni hadi Agosti, masika imeshapita, kusi inavuma, na hata mkazi wa Dar anavuta shuka usiku wa manane. Mwembe unaacha kutoa majani mapya, na ncha za matawi yaliyokomaa zinatoa maua. Hesabu miezi minne au mitano kutoka hapo, unaangukia Novemba hadi Januari. Kisha kuna kile kipindi kikavu cha kaskazi, mwanzoni mwa mwaka, ambacho sehemu nyingi za pwani huamsha maua mengine machache. Hayo ndiyo yanayoleta msimu mdogo wa katikati ya mwaka, ambao mgeni kutoka bara huushangaa akidhani ni maembe ya kuagizwa.

Ukipanda juu kutoka usawa wa bahari, kalenda inasogea. Machakos na Makueni, kwa mfano, mavuno makubwa ni Januari hadi Machi. Mchuuzi wa soko la Kongowea, Mombasa, huanza na ngowe za pwani kisha hupokea embe "apple" za Ukambani, na mnunuzi anadhani msimu ni mmoja mrefu kumbe ni miwili iliyoungwa.

Mvua nayo ina neno lake. Ikinyesha wakati maua yamefunguka, huleta kuvu iitwayo chule, inayotia madoa meusi. Ubaridi wenye unyevu nao, hata bila mvua, huleta ubwiri unga, ugonjwa ambao wakulima wa korosho wa Mtwara wanaujua kwa jina na kwa hasara. Si ajabu kushirikiana ugonjwa, maana mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Hata ule utomvu unaochubua midomo ya watoto wanaong'ata embe bichi kwenye kikonyo una undugu na ule mkali wa ganda la korosho. Ongeza na tabia ya mwembe kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata, kwa sababu mzigo mkubwa umeumaliza akiba. Basi mtu akikwambia "mwaka huu maembe yameadimika", pengine chanzo ni mvua ya Julai, au ni mti tu umechoka.

Mbona wanachuma machanga?

Hapa ndipo lawama inapoenda kwa mtu asiye wake. Tunamlaumu mchuuzi wa mkokoteni, wakati uamuzi ulifanyika mbali naye.

Sehemu nyingi za pwani, mwenye mwembe hauzi embe, anauza mti. Mnunuzi anakuja maua yakiwa yameshakuwa vitunda, anauangalia mti, anakisia, wanapatana, analipa. Tangu siku hiyo hasara ni yake. Upepo ukiangusha, ni yake. Popo wakila, ni yake. Watoto wa jirani na mawe yao, yake pia. Na mjini bei iko juu sasa hivi, kabla wengine hawajafika. Wewe ungengoja?

Tena mwembe hauchanui siku moja. Upande mmoja unaweza kuchanua wiki tatu kabla ya mwingine, hivyo mti uleule unabeba matunda ya umri tofauti. Mkulima anayechuma kwa matumizi yake hupita mara nne, mara tano, akichagua. Aliyenunua mti amekodi gari na vijana wa kupanda, na gari haliwezi kurudi mara tano. Mti unapukutishwa wote siku hiyo: pevu, bichi na changa ndani ya tenga moja.

Mwanzoni mwa msimu machanga ndiyo mengi tengani. Kufikia katikati ya Desemba mizani imegeuka, na bei imeshuka kiasi kwamba hakuna tena faida ya kukimbilia. Huo ndio utamu wa msimu: haraka imeisha.

Kuvundika, na ile "dawa"

Matenga yakishafika mjini, maembe hayo mchanganyiko yanatakiwa yaive kwa pamoja. Njia ya zamani ni kuvundika. Unayafunika kwa majani ya mgomba, au kwa gunia, au unayafukia kwenye nyasi kavu, na baada ya siku chache yanatoka yameiva. Wahaya huvundika namna hiyo ndizi za rubisi, pombe yao ya ndizi, kwenye shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani. Bibi zetu walikuwa na kanuni nyongeza: tia moja bivu katikati ya mabichi.

Kanuni hiyo ina maelezo mazuri. Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyohiyo ndiyo inayoyaamrisha matunda jirani nayo yaanze kuiva. Mwanasayansi Richard Gane wa Uingereza alithibitisha mwaka 1934 kwamba matufaha yenyewe huitoa. Kufunika kunaizuia isipeperuke. Joto linaharakisha kazi. Embe bivu la katikati ndilo linaloanzisha. Moshi wa kuni nao una ethilini kidogo, ndiyo maana ndizi zinazotundikwa juu ya meko huwahi.

Sasa dawa. Kuna mbili ambazo watu huzichanganya, na si sawa hata kidogo. Ya kwanza ni ethilini yenyewe, inayopulizwa kwenye vyumba maalumu vya kuivishia ndizi. Ni gesi ileile ya tundani na haimdhuru mlaji. Ya pili ni kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea huyatumbukiza kwenye maji kupata gesi. Ikipata unyevu inatoa asetilini, ambayo inaiga ethilini na kuligeuza embe njano. Tatizo la kabaidi ni uchafu wake: ile ya viwandani huwa na mabaki ya arseniki na fosfini, vitu ambavyo hutaki karibu na chakula wala karibu na mapafu ya kijana anayepanga matenga. India imeipiga marufuku kwenye matunda, na si peke yake.

Jicho haliwezi kukuthibitishia kwamba embe limewekwa kabaidi. Nikiona maembe yote ya fungu yana manjano sawasawa, bila doa la kijani, na nikinusa kwenye kikonyo sisikii chochote, napita. Embe lililoiva lenyewe linanuka embe. Ukinunua hata hivyo, lioshe kabla ya kulimenya.

Ila angalia: kabaidi hailifanyi embe changa kuwa changa. Lilikuwa hivyo kabla. Na embe lililovundikwa kwa majani bila dawa yoyote, kama lilichumwa changa, halitakuwa na utamu vilevile. Ndiyo maana nasema neno "dawa" linafunika mengi.

Yasiyovundikika

Nimesema sana embe, na ukweli ni kwamba embe linasamehe. Limo katika kundi la matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa, pamoja na ndizi, papai, parachichi, pera, stafeli na topetope. Haya unaweza kuyanunua yakiwa magumu na kuyasubiri, mradi yalipevuka.

Kundi la pili halisamehi. Chungwa, chenza, nanasi, zabibu na shokishoki havina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari baadaye. Utamu uliokuwamo siku ya kuchuma ndio wote. Nanasi linaweza kugeuka njano sebuleni kwako na kunukia, usidhani limeongezeka sukari. (Kama lilifika limekomaa, kama yale ya Kiwangwa, Bagamoyo, kumbuka kwamba sehemu ya chini ni tamu kuliko ya juu, kwa kuwa vijicho vya chini ndivyo vilivyotangulia kukua. Mwenye nyumba mjanja hukatia wageni kutoka juu.)

Chungwa lina kisa chake. Ingia duka lolote kubwa Nairobi au Dar utakuta machungwa ya rangi ya chungwa, kutoka Afrika Kusini au Misri, na nje ya duka machungwa ya kijani ya Muheza au ya Malindi kwa bei ndogo. Wapo wanaoamini kwamba ya kijani hayajaiva. Kumbe ngozi ya chungwa hupoteza ukijani pale tu usiku unapokuwa na baridi ya kutosha. Nyanda zetu za joto hazina baridi hiyo, hivyo chungwa linaiva kabisa ndani huku nje likibaki kijani. Katika nchi zenye baridi linapata rangi lenyewe, au linapulizwa ethilini ili ngozi igeuke, kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Ukitaka chungwa zuri, lipime mkononi. Chagua zito kuliko ukubwa wake, lenye ngozi laini na nyembamba. Jepesi lenye ngozi nene na vishimo vikubwa ni ganda linalouzwa kwa bei ya tunda.

Nje ya msimu

Kuna watu ambao hawangoji kipupwe. Miaka ya 1970, Mfilipino Ramon Barba aligundua kwamba kuupulizia mwembe maji yenye nitrati ya potasiamu, ile inayotumika pia kama mbolea, kunauamsha utoe maua hata usipopata ishara yake. Tangu hapo Ufilipino imekuwa ikivuna maembe karibu mwaka mzima. Mananasi nayo, mashamba makubwa huyalazimisha kuchanua kwa ethilini au jamaa zake ili yakomae kwa pamoja.

Hili halinisumbui. Embe la Aprili lililoachwa mtini hadi likapevuka ni embe halali. Linalonikera ni la Novemba lililokatwa wiki nne kabla ya kupevuka, likauzwa kwa bei ya uhaba. Tunapozungumzia "matunda ya msimu" huwa tunahesabu miezi, wakati mwembe unahesabu siku tangu ua.

Mwisho wa msimu una hatari yake tofauti kabisa. Matunda yaliyozagaa chini ya miti yamezalisha nzi wa matunda kwa maelfu. Aina mbaya zaidi, iliyotoka Asia, iligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, na ni kwa sababu ya nzi hao Kenya ilijizuia kuuza maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014, hadi 2021. Nzi anatoboa ngozi kwa kitundu kidogo kuliko ncha ya sindano na kutaga. Wewe unakuja kukutana na funza. Kwa hiyo embe la Februari, hata likinukia vizuri namna gani, mimi silingʼati gizani. Nalikata.

Na nikishalinunua, haliingii kwenye friji mpaka liive. Chini ya nyuzi 13 hivi, embe ambalo halijaiva linaumia: mabaka ya kijivu, nyama isiyolainika vizuri, ladha imekufa. Ndizi vilevile, ngozi inakuwa nyeusi. Likishaiva, friji ni rafiki kwa siku mbili tatu.

Sijalitendea haki embe bichi, ambalo pwani si tunda lililokosa kuiva, ni chakula kingine. Bila ukali wake urojo wa Unguja haujakamilika. Hutiwa kwenye mchuzi wa samaki, hukatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili nje ya geti la shule, hukaushwa juani likawa achari. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wenye samli na pembeni achari za ndimu, pilipili na embe bichi. Akaeleza kwamba tunda hilo likiiva huwa tamu sana na huliwa kama matunda mengine, na likiwa bichi ni chachu kama ndimu. Karibu miaka 700 iliyopita mezani walijua kuyatenganisha. Hapo machanga yangepata kazi yenye heshima: mchuuzi angeyauza kama ya achari, kwa bei ya achari.

Kutoka hapo msafiri huyo akashuka Mombasa, na huko akaandika juu ya tunda linalofanana na zeituni, lenye kokwa kama la zeituni, ila ni tamu sana. Aliliita kwa jina lake la Kihindi, *jamun*. Ni zambarau. Hilo hadi leo halina mkokoteni wa mapema. Haliivishwi na kabaidi, halivumilii safari ndefu, na siku ya pili limeshapondeka. Linakuja kwa wiki chache, linauzwa kwa vikombe na akina mama waliokaa chini ya mti wenyewe, na anayelila hawezi kukana, maana ulimi wake umeshakuwa rangi ya wino.